Robert Koch: daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na safari yake kwenye ziwa letu

Tazama bega la mtoto wako. Huenda kuna kovu dogo la mviringo pale, alama ya chanjo ya BCG wanayopewa watoto wachanga ili kuwakinga na kifua kikuu kikali. Na kama wewe mwenyewe umewahi kukohoa wiki mbili mfululizo, pengine uliambiwa uteme makohozi kwenye kopo, yakapelekwa maabara kutafutwa kijidudu. Kwamba kuna kijidudu cha kutafutwa, tumelijua tangu mwaka 1882, na aliyetuonyesha ni daktari wa Ujerumani aliyeitwa Robert Koch.

Watu wengi wamelisikia jina hilo shuleni. Wachache wanajua kwamba Koch aliishi zaidi ya mwaka mmoja kando ya Ziwa Victoria, kaskazini kidogo ya Bukoba, na kwamba kazi yake iliigusa Kiziba moja kwa moja. Tunasimulia maisha yake hapa kwa sababu alitufundisha kumtambua adui wa mtoto kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Lakini kuna upande wa pili ambao mama anapaswa kuujua pia. Ilipofika zamu ya dawa, hakuwa na subira ile ile aliyokuwa nayo kwa vijidudu, na baadhi ya walioumia walikuwa watu wa ziwa hili.

Daktari wa wilaya na wanyama wanaokufa

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya migodi na nyumba ilijaa watoto, kwani walizaliwa 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Gertrud.

Mwaka 1872 alipewa kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa: kutibu wagonjwa, kuzalisha, kuandika ripoti za serikali. Hapakuwa na maabara. Aliweka pazia kugawanya chumba chake cha kutibia, nyuma yake akaweka hadubini, na hapo ndipo alipofanyia utafiti baada ya wagonjwa kuondoka.

Katika wilaya hiyo kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa ghafla kwa kimeta, na wachungaji nao wakaugua. Watu walishaona vitu kama vijiti vidogo katika damu ya mnyama aliyekufa, ila hakuna aliyekuwa na uhakika kama vijiti hivyo ndivyo vinavyoua au vinatokea tu mnyama akishakufa. Koch alichukua kipande chembamba cha mti, akakichovya katika damu hiyo, akamchoma panya chini ya ngozi. Panya akafa, na damu yake ikawa na vijiti vile vile. Kisha akaviotesha vijiti hivyo nje ya mwili, katika maji maji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, mpaka akawa na hakika kwamba hakuna hata tone la damu ya kwanza lililobaki. Akamchoma panya mwingine. Naye akafa.

Aliona pia kwamba kijidudu cha kimeta kinapokosa mazingira mazuri hujifunga ndani ya ganda gumu na kukaa hivyo ardhini kwa miaka mingi. Ndiyo maana malisho yale yale yaliua mifugo mwaka hadi mwaka. Na ndiyo maana mpaka leo maofisa mifugo wanatukataza kumchuna na kugawana nyama ya ng'ombe aliyekutwa amekufa, hata kama anaonekana mnene na mzima. Damu ikimwagika, ganda hilo hubaki hapo kijijini.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1876. Koch alikuwa na umri wa miaka 32.

Jiko la mama Hesse

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, kwenye Ofisi ya Afya ya Dola, akapewa maabara na wasaidizi. Tatizo lililomsumbua lilikuwa hili: vijidudu vikioteshwa kwenye mchuzi huchanganyika, na huwezi kusema ni kipi kati yake kinacholeta ugonjwa. Alijaribu kuviotesha juu ya kipande cha kiazi ulaya kilichochemshwa, kila kijidudu kikajitengea doa lake. Lakini si vijidudu vyote vinavyopenda kiazi. Akajaribu jelatini, nayo ikayeyuka siku za joto.

Jibu lilitoka jikoni. Mmoja wa wasaidizi wake, Walther Hesse, alikuwa na mke aliyeitwa Fanny, ambaye alimsaidia kazi za maabara na kumchorea picha za vijidudu. Mwaka 1881 Hesse alilalamika kwamba jelatini inamyeyukia. Mama Fanny alikuwa akigandisha jeli za matunda kwa agari, kitu kinachotengenezwa kwa mwani, ambacho alikijua kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari haiyeyuki hata joto la mwili wa binadamu likiifikia. Maabara za dunia nzima zinaitumia hadi leo, zikiwemo za hospitali zetu. Koch aliitaja agari katika maandishi yake mara moja tu kwa kupita, na jina la Fanny Hesse hakuliandika. Sisi tunaliandika.

Tarehe 24 Machi 1882

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kinaua karibu mtu mmoja kati ya kila saba huko Ulaya. Wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo, unaorithiwa kama sura ya pua. Imani kama hiyo ilikuwa na madhara nyumbani: mama mgonjwa alilala na watoto wake chumba kimoja kisicho na dirisha, kwa kuwa kama ni urithi hakuna cha kuzuia.

Kijidudu cha kifua kikuu ni kigumu kukiona kwa sababu kina nta inayokataa rangi. Tena kinakua polepole mno. Vijidudu vingine huonekana baada ya siku moja au mbili, hiki huchukua wiki kadhaa. Mtu mwingine angetupa vyombo vyake na kusema hakuna kitu. Koch alisubiri. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wanasayansi wa Berlin akiwa na hadubini na sampuli zake mezani, akaeleza hatua moja baada ya nyingine: nimekikuta kwa kila mgonjwa, nimekitenga peke yake, nimekiingiza kwa mnyama mzima akaugua, nimekitoa tena kwa mnyama huyo. Alipomaliza hakuna aliyeuliza swali. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kwa mama, habari hiyo ina maana ya kila siku. Kifua kikuu kinapita hewani kutoka kwa mtu anayekohoa. Si laana, wala hakimaanishi moja kwa moja kwamba mtu ana virusi vya UKIMWI, ingawa wenye virusi hivyo hukipata kwa urahisi zaidi. Mtoto mdogo mara nyingi hakohoi makohozi, hivyo dalili zake hujificha. Mtazame mtoto ambaye haongezeki uzito au anapungua kwenye kadi ya kliniki, ana homa za mara kwa mara, anatoka jasho usiku, amepoteza furaha ya kucheza, au ana kikohozi kinachozidi wiki mbili. Ukijua kuna mtu nyumbani ana kifua kikuu, usingoje dalili. Wapeleke watoto wote wa nyumba hiyo wakapimwe. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiyeumwa bado anaweza kupewa dawa za kumkinga. Matibabu Tanzania ni bure. Mpango wa dawa za muda mfupi zinazomezwa chini ya uangalizi ulijengwa hapa nchini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, akishirikiana nasi daktari Karel Styblo, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaueneza kwingine.

Kipindupindu na bwawa la kijiji

Mwaka 1883 kipindupindu kililipuka Misri. Ujerumani ilimtuma Koch, Ufaransa ikatuma timu yake. Kijana mmoja wa timu ya Wafaransa, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa huko Alexandria. Koch akasonga mbele hadi Calcutta, India, na mapema mwaka 1884 akatangaza kwamba amekitenga kijidudu chenyewe, kilichojipinda kama alama ya mkato. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu mwaka 1854, ila hakusikilizwa.

Kilichotugusa zaidi katika safari hiyo ni bwawa. Karibu na Calcutta kulikuwa na bwawa la kijiji ambamo watu walioga, walifua na kuteka maji ya kunywa. Nguo za mgonjwa wa kwanza zilifuliwa humo, kisha watu wa kandokando wakaanza kuugua mmoja mmoja. Koch alikikuta kijidudu ndani ya maji yale. Mtu wa Kashai akifikiria mto Kanoni wakati wa mvua kubwa, au mtu wa Muleba akifikiria kambi za wavuvi kule visiwani ambako choo na mtungi wa maji vyote vinategemea ziwa lile lile, haitaji maelezo marefu.

Miaka minane baadaye, mwaka 1892, mji wa Hamburg ulipoteza watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu. Hamburg ilikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona, ulioungana nayo, ulichota maji mto huo huo, tena sehemu chafu zaidi, lakini uliyapitisha kwanza kwenye mchanga. Kwenye mpaka, upande mmoja wa mtaa watu walikufa na upande wa pili wakabaki wazima. Koch alitumwa huko kusimamia mapambano. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kubishana sana kuhusu maji.

Koch hakuwa na tiba ya kipindupindu. Tiba ilisubiri watu wajue kijidudu hicho kinafanya nini tumboni. Hakitafuni utumbo. Kinatoa sumu inayoulazimisha utumbo kusukuma chumvi nje, na maji hufuata chumvi. Ndiyo maana choo cha mgonjwa huwa kama maji yaliyooshea mchele, na mtoto anaweza kukauka ndani ya saa chache. Hata hivyo mlango mmoja wa utumbo hubaki wazi: ule ambao sukari na chumvi hupita pamoja. Vikiingia pamoja, huvuta maji. Hiyo ndiyo siri ya ORS. Ilithibitika kwa watu wengi kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, jimbo lile lile la India ambako Koch alikipata kijidudu chake.

Kwa hiyo usiongeze sukari kwenye ORS ili iwe tamu, wala usiimimine kwenye glasi moja ya maji. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, basi. Kama hakuna pakiti na kituo kiko mbali, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa bapa bila kujaa mlima, vitamshikilia mtoto njiani. Endelea kumnyonyesha. Zinki nayo ni madini ambayo mtoto huyapoteza anapoharisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni miligramu 10 kwa siku, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano ni miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Akina mama wengi huacha mapema kwa sababu mtoto ameshachangamka. Zimalize.

Dawa ya siri

Hapa sura ya Koch inabadilika. Mwaka 1890, kwenye mkutano mkubwa wa madaktari Berlin, alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye dawa ikatoka. Iliitwa tuberkulini. Alikataa kusema imetengenezwa kwa nini.

Waliofuata ni maelfu. Treni zilijaa wagonjwa waliobebwa kutoka kila pembe ya Ulaya, hoteli na nyumba za kupanga za Berlin zikajaa watu wanaokohoa, wengine wakafia njiani. Wale wanaokumbuka misafara ya magari kwenda Loliondo mwaka 2011 wanaweza kuipata picha. Mwanzoni zilivuma habari za watu kupona. Kisha vifo vikaanza kuhesabiwa, na madaktari waliopasua maiti wakakuta vijidudu viko hai, pengine vimesambaa zaidi. Mwanzoni mwa 1891 Koch akalazimika kueleza kilichomo: ni vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu vilivyokamuliwa katika glisirini.

Mtu aliyedai ushahidi wa hatua nne kabla ya kukiri kwamba kijidudu kinaleta ugonjwa alitoa dawa kwa binadamu akiwa na ushahidi wa nguruwe wa Guinea wachache. Ni vigumu kumsamehe hapo, ingawa inaonekana yeye mwenyewe aliiamini dawa yake. Hedwig Freiberg, msichana aliyekuja kuwa mke wake wa pili mwaka 1893, alijitolea kuchomwa ili ijaribiwe.

Tuberkulini haikutupwa. Ilionekana kwamba aliyewahi kuingiwa na kijidudu cha kifua kikuu akichomwa kiasi kidogo chini ya ngozi, mahali hapo huvimba. Kipimo hicho bado kipo. Ukiona muuguzi amemchoma mtoto wako kwenye mkono na kukwambia umrudishe baada ya siku mbili au tatu apimwe uvimbe kwa rula, ni tuberkulini hiyo. Mrudishe kweli, kwa sababu asiporudi sindano ile haikusema kitu.

Tauni ya Kiziba na maziwa ya London

Kuanzia mwaka 1896 Koch alisafiri sana. Kule Kimberley, Afrika Kusini, alitafuta kinga ya sotoka iliyokuwa inamaliza ng'ombe wa bara zima. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Akiwa huko, daktari wa kijeshi Zupitza alitumwa Kiziba, kwenye ugonjwa wa mitoki ambao wenyeji waliuita rubwunga. Sampuli zikaletwa pwani, Koch akazitazama, akatangaza kwamba ni tauni, ile ile ya Bombay. Watu wa Kiziba hawakuhitaji hadubini kujua sehemu moja ya habari: walikwishaona kwamba panya wakianza kufa kwenye kibanja, inabidi kuihama nyumba.

Mwaka 1901, kwenye mkutano wa kifua kikuu London, Koch alitoa kauli iliyowagusa watoto kuliko zote. Alisema kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na hatari ya kukipata kwa maziwa ni ndogo kiasi kwamba haifai kuhangaikia. La kwanza alikuwa sahihi, vijidudu hivyo ni viwili tofauti. La pili alikosea, na kwa kuwa aliyesema ni Koch, wengi walilichukua kama lilivyo. Serikali ya Uingereza iliunda tume iliyofanya kazi miaka kumi na kuonyesha kwamba maziwa mabichi huambukiza watu, hasa watoto. Kwa watoto, kifua kikuu cha maziwa hujitokeza kwenye tezi za shingo, tumboni na kwenye mifupa.

Tunakaa jirani na wafugaji wa Missenyi na Karagwe, na maziwa mabichi yanayofika sokoni ni matamu. Yachemshe mpaka yainuke, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Kwa kuchemsha huko unaua pia kijidudu cha brusela, kinacholeta homa isiyokwisha. Ajabu iliyoje kwamba chanjo ya BCG yenyewe ilitengenezwa Ufaransa kwa kijidudu cha ng'ombe hicho hicho, kikalegezwa kwa miaka 13 mpaka kikakosa nguvu ya kuua, na mtoto wa kwanza akaipata mwaka 1921.

Malale, Sese na sindano za aseniki

Koch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Angeweza kupumzika. Lakini tangu mwanzo wa karne malale ilikuwa imewaangamiza watu wa kaskazini mwa ziwa, Busoga, Buganda na visiwani. Hesabu zinazotajwa kwa miaka ile zinazidi watu 200,000. Ugonjwa huenezwa na mbung'o. Huanza kwa homa na tezi za shingo kuvimba, kisha huingia ubongoni, mtu anabadilika tabia, analala mchana, hawezi kula, anakufa.

Koch alifika mwaka 1906, akapitia Mwanza, kisha akavuka kwenda Bugala katika visiwa vya Sese, Uganda, akajenga kambi. Wagonjwa walikuja wenyewe, kwa mamia, wengine wakibebwa na jamaa zao kwa mitumbwi. Alikuwa na dawa moja ya kutumainia, atoksili, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1859 kwa kuunganisha aseniki na kitu kinachotumika kutengenezea rangi. Aseniki ni sumu inayojulikana tangu zamani. Jina la dawa hiyo lilitungwa ili kusema kwamba haina sumu, na jina lilikuwa na uongo ndani yake.

Mwanzoni alichoma nusu gramu. Vijidudu vilitoweka kwenye damu, walioletwa wamelala wakaanza kuamka na kutembea. Baadaye vijidudu vikarudi. Koch akaongeza dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa wakalalamika maumivu, kizunguzungu, tumbo. Kisha baadhi yao wakaanza kupoteza macho. Aseniki ilikuwa imeharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na uharibifu huo haurudi nyuma. Wanaotajwa kupofuka kabisa ni 22. Ndipo dozi kubwa ikaachwa. Watu wengi walikuwa wamekwishaondoka kambini bila kuaga, na ukisoma habari hizi ni vigumu kuona kwamba walifanya ujinga.

Mwaka 1907 kambi nyingine ilifunguliwa upande wetu, Kigarama katika Kiziba, wakati wa Mukama Mutahangarwa, chini ya daktari Kudicke aliyekuwa kwenye timu ya Koch. Wagonjwa wengi wa huku walikuwa wameupata ugonjwa walipokwenda Uganda kutafuta kazi. Vijana wa Kihaya waliajiriwa kupita vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Mtu aliyekutwa na tezi alitakiwa kwenda kambini. Dawa ilikuwa atoksili ile ile. Hakuna aliyewauliza wagonjwa hao kama wanakubali hatari ya upofu, kwa sababu desturi ya kuuliza haikuwapo, na wao walikuwa raia wa koloni.

Koch aliona pia kwamba mbung'o wa ufukweni hunyonya damu ya mamba, akapendekeza mamba waangamizwe na mayai yao yavunjwe. Ziwa letu halikukubali. Iliyosaidia zaidi ni kufyeka vichaka kandokando ya maji, na kuwahamisha watu, jambo ambalo Waingereza walilifanya kwa nguvu kule Sese.

Aliondoka ziwani mwishoni mwa 1907. Msaidizi wake Friedrich Kleine alibaki, na mwaka 1909 akathibitisha kwamba kijidudu cha malale hukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla hajaweza kuambukiza, jambo ambalo Koch na wengine walikuwa wakilibishania. Koch alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi ya Berlin yenye jina lake.

Aseniki haikuondoka haraka. Dawa nyingine yenye aseniki iliendelea kutumika kwa malale iliyofika ubongoni tangu mwaka 1949, ikichomwa kwenye mshipa na kuunguza, na baadhi ya wagonjwa walikufa kwa dawa yenyewe. Miaka ya karibuni kimepatikana kidonge, fexinidazole. Kwa aina ya malale iliyoko Tanzania, kidonge hicho kilijaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, wakieleweshwa na kukubali kabla ya kumeza. Mbung'o bado wapo kwenye mapori na hifadhi kama Burigi-Chato. Mtoto au mchungaji aliyetoka huko akapata homa, akapimwa malaria mara mbili na hana, mwambie mhudumu wa afya alikotoka, ili damu yake iangaliwe pia kwa malale.